Kunja Shati, Usimkunje Mtoto

Hosteli ya karakana
4 Februari

Kitinda,

Umeuliza kama bado nipo. Nipo, nadunda, ila weusi wangu sasa ni wa aina mbili: ule wa kuzaliwa nao na huu wa kazini, unaopenya glavu mbili na kujificha chini ya kucha. Simu tunaziacha getini Jumatatu na kurudishiwa Jumamosi, eti tusije tukapiga picha siri zao. Barua hawazigusi. Nadhani hawajui kama bado kuna watu wanaandika barua.

Unasema huko makao makuu mnaletewa karatasi zetu zikiwa zimeshakatwa, hujawahi kuona zinavyozaliwa. Mhandisi mzima! Haya, sikiliza. Tunaletewa unga mweusi wa vineli vya kaboni, yaani vijibomba vyembamba hata ukivipanga elfu moja bega kwa bega hupati unene wa unywele. Tunaukoroga kwenye maji yenye sabuni, maana bila sabuni vinashikana madonge kama uji wa mvivu. Tunamimina juu ya chujio kubwa kama sinia, pampu inavuta maji kwa chini, vineli vinabaki juu vimesokotana. Tunasuuza, tunaingiza kwenye oveni, na ikishakauka kabisa tunabandua kwa kibano. Hapo ndipo kilio kinapoanza. Karatasi nyeusi, nyepesi kama ganda la kitunguu, ukiivuta pembe moja nusu inakuja na nusu inabaki kwenye chujio.

Wabanduaji tuko kumi na tano. Katika kila karatasi kumi, tano zinaishia kwenye pipa. Mkuu wa karakana ametutangazia kwamba ikifika mwisho wa Julai hali bado ni hii, anafunga. Mimi na miaka yangu arobaini na sita na darasa langu la sita, nitachukuliwa na nani? Na Baba ndiye huyo, kupanda ngazi tatu tu anaomba kiti. Wewe uliyesoma, hebu waulize wenzako kama kuna ujanja.

Dada'ko


Makao makuu
19 Februari

Dada,

Uji wa mvivu! Nimecheka peke yangu mpaka katibu muhtasi akachungulia mlangoni kuona kama nina akili timamu.

Nimeuliza. Wenzangu wamenijibu kwa maneno marefu yasiyo na kitu ndani. Lakini nataka ujue unachokibandua, maana naona hawajawahi kuwaambia. Karatasi ile ukiipitishia umeme inapata joto mwili mzima kwa usawa, na inapinda kama kitambaa. Ndiyo inayobandikwa kwenye mbawa za ndege ili barafu isigande, ndiyo inayokinga mitambo isipigwe na radi, na kuna wanaoijaribu kwenye makoti ya zimamoto. Mimi nimepewa blanketi za watoto njiti, waliozaliwa kabla ya siku zao. Mtoto wa kilo moja na nusu analazwa juu ya karatasi yako, anapata joto la kifuani kwa mama bila mama kuwepo.

Shida ni kwamba karatasi nzima hazinifikii za kutosha. Miezi minane tangu nipewe kazi hii, sina cha kuonyesha. Mkurugenzi akipita mezani kwangu ananiangalia kama kiti kisicho na mwenyewe. Mwaka huu nisipotoa kitu, dada, na mimi wananipiga chini.

Msalimie Baba.

Kitinda wako


Hosteli ya karakana
30 Machi

Kitinda,

Nimepata! Kaa chini kwanza.

Jumanne oveni ilizimika katikati ya kazi. Wenzangu wakaenda kunywa chai, mimi nikabaki na karatasi iliyokauka nusu, bado ina ule unyevunyevu wa nguo inayosubiri pasi. Nikasema liwalo na liwe. Nikaigeuza kifudifudi juu ya kioo, chujio likawa juu. Halafu badala ya kuvuta karatasi nikavuta chujio. Nikalikunja pembeni, nikalirudisha nyuma polepole, likatoka lote. Karatasi ikabaki imelala juu ya kioo, nzima, haina hata mkwaruzo.

Siri ni hiyo tu: kinachokunjwa kisiwe karatasi. Ni kama kumvua shati mtoto aliyelala. Unakunja shati, humkunji mtoto. Mama alipofariki ulikuwa na miaka mitatu, na ulikuwa hulali mpaka uwe umevaa shati langu la shule. Mimi nimekuvua hivyo usiku ngapi, na hukuamka hata mara moja.

Nimerudia mara ishirini na mbili. Nimeharibu moja tu, tena kwa sababu nilipiga chafya. Hatua zenyewe: koroga kama kawaida, mimina, suuza, oveni nusu saa badala ya saa tatu, geuza juu ya kioo chenye ubaridi, kunja chujio, vuta.

Sijamwambia mkuu wa karakana. Alishanitamkia mbele za watu kwamba nimeajiriwa mikono, kichwa nikiache getini na simu. Nataka wewe uniandikie kitaalamu kwa nini jambo hili linawezekana, niende na karatasi yako mkononi. Sitaki gazeti wala kupigiwa makofi. Nataka kwenye ule mwongozo wa kazi unaobandikwa ukutani waandike kwamba aliyegundua ni mbanduaji namba kumi na nne. Nimeishi miaka yote hii hakuna kitu hata kimoja chenye jina langu, hata kaburi la Mama limeandikwa "watoto wake". Hiki nakitaka.

Dada'ko


Makao makuu
11 Aprili

Dada,

Barua nimeipata, asante. Wazo ni zuri kwa mtu ambaye hakupata mafunzo, lakini sitaki nikudanganye: si jipya. Wataalamu walishalijaribu wakaliacha. Karatasi ikibanduliwa na unyevu inaweza kupungua nguvu baadaye.

Kwa hiyo nakuomba usimwonyeshe mtu yeyote, hasa mkuu wako. Likitokea tatizo wewe ndiye utakayebebeshwa. Rudi kwenye kibano, hili niachie mimi.

Hiyo oveni unaiweka kwenye joto gani? Na kioo unakipozaje? Nauliza kwa udadisi tu.

Mdogo wako


Hosteli ya karakana
25 Aprili

Mdogo wangu,

Kumbe si jipya. Basi nimeshukuru kwa kunizuia nisijiaibishe.

Oveni naiweka nyuzi themanini. Kioo nakipitisha chini ya maji ya bomba, nakifuta na kitambaa kikavu.

Nimerudi kwenye kibano kama ulivyosema. Jana nimechana sita. Zamani ikichanika nilikuwa naguna tu na kushika nyingine. Siku hizi kila inapochanika najua ingeweza kutoka nzima, na hilo linaniuma kuliko unavyofikiri. Ila wewe ndiye unayejua.

Dada'ko


Hosteli ya karakana
23 Juni

Mhandisi,

Umekaa kimya miezi miwili, nikasema kazi zimekubana. Nikakuombea.

Wiki iliyopita mkuu wa karakana alitukusanya, akabandika ukutani mwongozo mpya kutoka makao makuu. Akatusomea kwa sauti, anapenda sauti yake. Koroga, mimina, suuza, oveni nyuzi themanini kwa nusu saa, geuza juu ya kioo kilichopozwa kwa maji ya bomba. Nikajisemea, basi kuna mtu mwingine kawaza kama mimi, dunia ni kubwa. Ndipo akafika chini kabisa, pamewekwa mstari kwenye kisanduku: "Kama kumvua shati mtoto aliyelala: unakunja shati, humkunji mtoto."

Wenzangu wakacheka, wakasema mhandisi huyu lazima ana watoto. Wewe huna mtoto. Hujawahi kumvua mtu shati. Chini yake ni jina lako na sahihi yako yenye mkia, ile niliyokufundisha mimi kwa kalamu ya risasi kwenye meza ya jikoni.

Jumapili nilikwenda kwa Baba. Amebandika ukutani picha yako ya gazetini unapeana mkono na mkurugenzi. Ananiambia, "Ona mdogo wako anavyotumia akili." Nikamwambia ndiyo, Baba. Nikaenda jikoni nikafungulia bomba ili asisikie.

Ungeniomba ningekupa. Hilo ndilo linalonitoa machozi, we mtoto. Ungesema, "Dada, nimekwama, niazime hili," ningekupa na kalamu juu yake.

Dada'ko, bado


Makao makuu
9 Julai

Dada yangu mpenzi,

Nimeanza barua hii mara nne. Nisikilize kabla hujanihukumu.

Ningesema limetoka kwa mbanduaji wa darasa la sita wangelitupa siku hiyo hiyo. Hawa watu nawajua. Ilibidi litoke kwenye mdomo wanaouamini. Ungetaka nini, libaki kwenye barua kabatini na karakana ifungwe? Sasa haifungwi. Hilo si ndilo ulilotaka? Nimeshaanza kukuombea uwe msimamizi wa wabanduaji, jambo linakwenda vizuri, kuwa na subira.

Ule mstari wa shati niliuacha makusudi, kama heshima kwako. Nilijua utauona.

Nakuomba kitu kimoja: Baba usimwambie. Moyo wake hauwezi.

Kitinda wako


Ofisi ya Mkuu wa Karakana
1 Agosti

KWA: Mbanduaji Na. 14
YAH: KUSITISHWA KWA AJIRA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kufuatia utaratibu mpya uliobuniwa na Mhandisi wetu, kazi ya kubandua itafanywa na mashine ikihudumiwa na wafanyakazi wanne. Kati ya wabanduaji kumi na tano, kumi na mmoja hawatahitajika. Orodha imepitiwa na kuidhinishwa makao makuu na Mhandisi mwenyewe.

Unatakiwa kurudisha glavu, barakoa, aproni na kitambulisho ifikapo Ijumaa. Tunakushukuru kwa mchango wako na kukutakia kila la heri.

Mkuu wa Karakana


Nyumbani kwa Baba
18 Oktoba

Kwa Mhandisi,

Simu yangu hupokei, ndiyo maana naandika. Sikuandikii kuhusu orodha. Orodha niliiona, na mkia wa sahihi niliuona.

Siku hizi nafanya kazi hospitali, chumba cha kufulia. Mashuka ya wodi zote yanashuka kwetu, pamoja na foronya zinazovalishwa zile blanketi zako. Ndiyo, wodi ya njiti hapa wanazitumia tangu Septemba. Wauguzi wanazipenda. Mimi mwenyewe nilipanda siku moja nikachungulia kupitia kioo: mtoto mdogo kama kiganja na nusu, amelala chali, mikono ameitupa huku na huku kama mwenye nyumba. Chini yake karatasi nyeusi. Nisikufiche, nilijisikia vizuri, hata kama hakuna aliyejua kwa nini nimesimama pale.

Sasa sikiliza. Wiki hii foronya tatu zimeshuka na doa la kahawia katikati, kubwa kama kidole gumba. Si uchafu, halitoki. Ni kuungua. Karatasi yako ina mahali panapopata moto kuliko pengine. Zile tulizokuwa tunabandua sisi, watu wa majaribio walizipima mwaka mzima, hazikuwahi kufanya hivyo. Chunguza haraka kabla halijawa kubwa.

Baba hajambo. Sijamwambia.

Dada'ko


Makao makuu, Idara ya Bidhaa za Tiba
5 Novemba

Ndugu Mteja,

Malalamiko yako ya tarehe 18 Oktoba yamepokelewa na kufanyiwa kazi. Blanketi zetu zimepita vipimo vyote. Uchunguzi unaonyesha kuwa madoa yaliyotajwa husababishwa na pasi za moto kupita kiasi katika vyumba vya kufulia. Tunashauri watumishi wa kufulia wapewe mafunzo stahiki.

Wako katika ujenzi wa afya bora,
Mhandisi Mkuu


Sijui niandikie wapi, nimeandika nikiwa ndani ya gari
28 Novemba

Dada,

Barua ile ya ofisi iliandikwa na wanasheria, mimi nilitia sahihi tu. Naomba uichome.

Kuna mtoto ameungua. Si hapo kwenu, ni hospitali nyingine. Wa kike, ana siku tisa. Mgongoni, ukubwa wa punje ya kunde. Daktari anasema atapona. Nimemwona mama yake, hakunifokea. Aliniuliza tu, "Wewe ndiye uliyeitengeneza?" Nikasema ndiyo. Ni mara ya kwanza nimelijibu swali hilo nikitamani kusema hapana.

Wakurugenzi wanataka zilizobaki wodini zisiondolewe mpaka sababu ijulikane, eti tutaleta taharuki. Sababu mimi siijui. Tumefuata barua yako neno kwa neno. Sabuni ile ile, joto lile lile, kioo, nusu saa. Uliandika "suuza", mashine inasuuza, mara moja, dakika mbili. Kila kitu kipo. Karatasi zinatoka nzima, zinapendeza, na bado zingine zinapitisha umeme vibaya na kupata moto sehemu moja.

Kuna kitu hukukiandika. Nimeisoma barua yako mpaka imechanika kwenye mkunjo. Niambie ukweli: ulikiacha makusudi? Ulijua nitaichukua, ukanitegea? Kama ulinitegea nakuelewa, naapa. Lakini niambie ni nini. Nitafukuzwa, dada, na pengine si kufukuzwa tu. Mimi ni mtoto wako.

Kitinda


[Kadi ya posta, haina bahasha]

4 Desemba

Kwa Mhandisi, makao makuu.

Nimeandika kwenye kadi ili isomwe na karani wa posta, na mlinzi wako wa getini, na yule katibu muhtasi anayechungulia. Nakala nimewapa wale wanne waliobaki karakana, na nyingine muuguzi mkuu hapa. Blanketi zote za wodi yetu amezizima tangu jana, na amewapigia simu wenzake wa hospitali nyingine. Wakurugenzi wako hawakuulizwa.

Ni sabuni. Ikibaki katikati ya vineli, umeme haupiti sawasawa, joto linalundikana mahali pamoja. Kusuuza mara moja hakutoshi. Unakinga yale maji yanayotoka chini ya chujio kwenye chupa nyeupe, unatikisa. Ukiona povu, suuza tena. Mpaka maji yakae kimya. Mara saba, pengine nane. Wabanduaji wote kumi na tano tulikuwa tunafanya hivyo, hakuna aliyetuagiza. Anayefua nguo anajua.

Sikukutegea. Niliandika "suuza" kwa sababu sikujua kuna mtu mzima asiyejua kusuuza ni mpaka wapi. Hilo kosa ni langu. Nguo zako zote, tangu una miaka mitatu mpaka unaondoka nyumbani na begi, nilikuwa nasuuza mimi.

Mbanduaji namba 14